Talaka ya Mazoezini

Kibuli,
Kampala.
Jumatatu, 18 Agosti 2025.

Mpendwa dada yangu Mastula,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kibra, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mguu unaendeleaje? Wakati wa Idi uliniambia kwamba daktari amekukataza chumvi, nami nakujua: unaitia chunguni mabinti zako wakigeuka. Iache. Umri wetu hauruhusu tena ukaidi wa namna hiyo.

Mimi nipo. Magoti yananiuma asubuhi na macho yanachoka kabla ya adhuhuri. Mvua imeanza, barabara ya hapa chini imekuwa tope tupu, na bodaboda zinawarushia watu tope hilo bila hata kuomba radhi. Kazi sina tangu nilipostaafu kuwafundisha makuruta wa polisi Kiswahili, hivyo siwezi kusema nimechoshwa na kazi. Nimechoshwa na maneno ya watu.

Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha kitako niandike. Jana ulinitumia ujumbe wa sauti, nao ukasikilizwa na nyumba nzima, kwa kuwa simu yangu haijui kunong'ona. Umesema umekwisha kukata tikiti, unakuja Jumamosi na wazee wawili wa kike kumchukua binti yangu Rukiah, kwa sababu mumewe Kamis amempa talaka tatu mbele ya watu. Umesema pia kwamba mimi, baba yake, nilikuwapo nikanyamaza. La kwanza si kweli. La pili lina ukweli ndani yake. Nakuomba uvae miwani, usome mpaka mwisho, ndipo umpigie simu unayetaka kumpigia. Barua nimempa Olal, kondakta wa basi la Nairobi, naye ameniahidi kuiweka mkononi mwako mwenyewe.

Nianze na Hasifa, mjukuu wetu, kwa sababu jambo lote lilianzia kwake. Sasa yuko kidato cha tatu katika shule moja upande wa Kyambogo, karibu na chuo kikuu. Siku hizi wanafunzi huruhusiwa kuchagua baadhi ya masomo. Nilitaka achague kilimo. Akachagua sanaa za maonyesho, yaani kuigiza, kucheza ngoma na kuimba, na somo hilo lina mwalimu, lina mtihani, na lina alama kama hesabu. Nilimuuliza Rukiah kama tunalipa karo ili mtoto afundishwe kujifanya mtu mwingine. Rukiah akanijibu, "Baba, mwache. Huko ndiko anakofurahi." Nikamwacha, ingawa sikuridhika.

Sitasema uongo: wanafanya kazi. Mwalimu wao, kijana Mwacholi aitwaye Oyat, huwalaza chali sakafuni wajifunze kuvuta pumzi kutoka tumboni, ili sauti ifike nyuma ya ukumbi bila kupiga kelele. Huwatuma sokoni kutazama jinsi watu wanavyobeba mizigo na jinsi wanavyosimama wakidanganya. Mwezi wa Mei Hasifa alinitazama mimi. Kisha akatembea uani kwangu, mikono nyuma, goti la kushoto likivutwa kidogo, akamkemea kuku kwa kuingia sebuleni bila hodi. Mama Asuman, jirani yao aliyekuwa amekuja naye, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Lakini goti alikuwa amelipata sawasawa.

Muhula huu mwalimu aliwagawa katika makundi, kila kundi litunge mchezo mfupi kwa lugha ya nyumbani kwa mmoja wao. Kundi la Hasifa likachagua Kiswahili. Mchezo wao unahusu mume na mke wanaogombana hadi mume anatoa talaka. Wakaniletea maandishi niyasahihishe. Mastula, yalikuwa ya kuhuzunisha. Pale penye talaka waliandika, "Mimi nimekuacha, enda." Nikawaambia kwamba mtu mzima akivunja nyumba yake hasemi kama anayemfukuza paka. Nikaketi, nikawatungia sentensi kamili: "Tangu leo wewe si mke wangu, wala mimi si mume wako, nimekuacha kwa talaka tatu, na mlango huu umefungwa nyuma yako."

Ni sentensi nzuri. Haina neno la kuongeza wala la kupunguza. Na ndiyo hiyo hiyo uliyosimuliwa kwa simu kana kwamba Kamis aliitoa kichwani mwake.

Jumapili moja ya mwezi uliopita walikuja kufanya mazoezi nyumbani kwa Kamis, kule Banda. Nami nilikwenda, nikapewa kiti chini ya upenu ili nisikilize matamshi. Mume alikuwa aigizwe na Heritier, mwanafunzi kutoka familia ya Wakongo, mtoto mwenye adabu. Mke alikuwa aigizwe na Marlène, lakini Marlène alikuwa na kwaya Lubaga, hakufika. Katika mchezo mke anachambua mchele wakati mume anapoingia. Rukiah alikuwa ameketi palepale mlangoni, akichambua mchele wa chakula chetu cha mchana. Hasifa akasema, "Basi Mama ndiye mke kwa leo. Mama, usifanye kitu, endelea tu."

Heritier akasimama mbele ya Rukiah na karatasi yake. Kila akifika penye talaka, kicheko kinamshika. Mwishowe akaweka karatasi chini. "Mzee," akaniambia, "mi naogopa. Huyu ni mama. Nitamuachaje mama ya mtu?"

Kamis alikuwa amelala ndani, maana alikuwa amefika alfajiri na lori la viazi. Vicheko vilimwamsha. Akatoka, uso bado na usingizi, akamnyang'anya Heritier karatasi. "Leta hapa. Wewe nacheka tu. Mwanamume nakasirika hivi?" Unajua jinsi mkwe wangu anavyosema, nimekata tamaa naye siku nyingi. Hasifa akafurahi kupita kiasi. Akamshika baba yake mkono, akamwongoza kama Mwalimu Oyat anavyowaongoza wao: kwanza pumzi, kisha miguu, kisha akamwambia afikirie jambo moja alilolinyamazia, asilitaje, alishike tu kifuani, halafu amtazame mama.

Kamis akavuta pumzi. Akamtazama Rukiah. Kisha akasoma.

Mastula, mtu huyu hunisalimia kwa maneno matatu na kuniaga kwa mawili. Siku ile sauti ilitoka chini kabisa, haikupanda hata kidogo, na kila silabi ilikaa mahali pake. Kuku wenyewe walitulia. Rukiah aliacha kuchambua mchele. Mimi nilikuwa nafuata kwa kalamu kwenye nakala yangu, na nakiri kwamba wakati ule nilifurahi tu kusikia sentensi ikisemwa vizuri. Hapo ndipo niliponyamaza, kama ulivyoambiwa.

Mara Mama Asuman akachungulia juu ya ukuta. "Haa! Ameachika! Talaka haina mchezo! Nyinyi wote mashahidi, na mzee naye yupo!"

Watoto wakacheka, wakidhani ni utani. Kamis naye akacheka, akamrudishia Heritier karatasi, "Umeona?" Rukiah hakucheka. Alimaliza mchele, akaupika, akatupakulia, akaosha vyombo. Kisha akafunga nguo zake katika mkoba, akanifuata hadi hapa Kibuli.  Kabla ya magharibi, habari ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka wa Busia na kufika kwako.

Sisi ni watu wa Nubi. Tumelelewa tukijua kwamba nikahi na talaka haviguswi kwa mzaha. Wakikuyu mnaoishi nao huko na Waganda tunaoishi nao hapa wanaweza kuigiza talaka kutwa nzima wakaenda kulala. Sisi tuliokaa madrasa tunaanza kuhesabu eda. Kwa hiyo sikumlaumu Rukiah kwa kuogopa. Kesho yake nilimchukua Kamis mpaka kwa Sheikh Abdunoor, nikampa maandishi yenyewe.

Sheikh akayasoma mara mbili. Akamuuliza Kamis kama alikusudia. Kamis akasema hapana. Akamuuliza kama alitaja jina la mkewe. Hapana, alisoma kilichoandikwa. Kisha akainua macho. "Na haya maneno kayatunga nani?" Nikasema ni mimi. Akavua miwani, akaanza kutikisika mabega. "Basi Mzee Marjan, kama hii ni talaka, mwachaji ni wewe. Na binti yako hukumwoa."

Uamuzi wake ni huu, nao uwasomee wale wazee wawili: anayesimulia maneno ya mwingine hatoi talaka, kama vile msomaji wa hukumu redioni asivyomfunga mtu jela. Ndoa ipo. Kamis aliambiwa amche Mungu na asirudie mchezo huo. Nikadhani jambo limekwisha.

Rukiah hakurudi.

Nilimweleza fatuwa kwa utaratibu. Akanisikiliza, akasema, "Nimeelewa, Baba. Maneno ni yako. Lakini ule uso haukuuandika wewe." Akasema kwamba tangu aolewe, Kamis hajawahi kumtazama kwa muda mrefu namna ile, wala kumwambia maneno mengi namna ile kwa pumzi moja. "Kumbe ndani mwake kuna kitu kimesimama. Nimelala naye nyumba moja sikukijua. Sasa nirudi nikamwandalie chai?"

 Nimewafundisha watu mahali pa kuweka kila neno, lakini nilichoulizwa hakikuwa na neno.

Wiki zikapita hivyo. Rukiah alilala katika chumba cha nyuma, alikolala marehemu mke wangu siku za mwisho. Alifagia, alipika mikate yetu ya gurusa, alinisomea gazeti. Kamis alituma viazi kupitia watu wa lori, yeye hakuja. Mama Asuman alikuja mara tatu kutazama, na kila mara alikuwa na habari mpya kutoka kwako.

Hasifa ndiye aliyenichosha zaidi. Alikuja hapa na sare ya shule, akakaa chini badala ya kitini. Akaniambia amemwomba mwalimu mkuu amhamishe, aende kilimo. "Babu, ulikuwa umesema kweli. Nimewaachanisha wazazi wangu." Nilikuwa nimengojea maneno hayo tangu mwanzo wa mwaka, na yalipokuja sikuyataka. Hakuwa akiigiza kulia. Machozi yalikuwa yanashuka tu, hana habari nayo.

Nikamuuliza jambo moja: yale aliyomwambia baba yake kabla ya kusoma, ni ya kweli au ni porojo za mwalimu? Akajibu kwamba ni kazi yenyewe. Mwigizaji haazimi hasira hewani. Anachukua alichonacho, hata kama ni huzuni au aibu, anakiweka nyuma ya maneno ya mchezo, na mtazamaji anaona hasira. "Kwa hiyo," nikasema, "baba yako huenda hakuwa na hasira hata kidogo."  "Huenda," akasema. "Sijui alishika nini. Nilimwambia asitaje."

Siku iliyofuata nilikwenda Nakasero sokoni. Si safari ya magoti yangu. Nilimkuta Kamis akisimamia upakuaji wa magunia, nikamvuta kando penye maganda ya mahindi, nikamuuliza alifikiria nini siku ile. Akatazama viatu vyake. Wapagazi wanapita, wanatupigia kelele, "Mzee, pisha! Mzee, utapondwa!" Mwishowe akasema, "Nilifikiria mama."

Utakumbuka mazishi ya mama yake kule Bombo, mwaka juzi. Wewe ulituma kanga. Kamis alikuwa Arua, lori likaharibika njiani, na alipofika udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Akapeana mikono na watu, akala chakula cha matanga, akarudi kazini. Sote tulimsifu kwa uvumilivu wake. Rukiah alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha marehemu.

Alitaka kuendelea kuniambia. Nilimzuia. Nilimwambia, "Hayo si yangu. Mpelekee mwenyewe." Akasema hajui aanzie wapi, akaomba nimwandikie. Hapo nilikaribia kukasirika. Nikamwambia kwamba mara ya mwisho nilipomwandikia maneno alibaki bila mke.

Alikuja siku ya pili, alasiri, na nguo za kazi. Nilikuwa nimekaa kibarazani na Rukiah, naye, kwa bahati au kwa majaliwa, alikuwa na sinia la mchele mapajani. Kamis akasalimu, akasimama. Nilidhani ataondoka. Kisha akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Mama Hasifa. Wewe naosha mama yangu. Mimi hapana ona. Uso yake ilikuwa namna gani?"

Rukiah akaacha mchele. "Na tangu siku ile ulikuwa unataka kuniuliza hili?"

"Iko hapa tu," akasema, akigusa kifua.

Rukiah akamsogezea kigoda. Akaanza kumweleza, taratibu, kuanzia jinsi walivyomlaza, na nani alishika kichwa, na jinsi alivyokuwa kama mtu aliyechoka safari akapata kivuli. Mimi nikanyanyuka, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Kilichobaki sikukisikia na sitakisimulia. Nilipotoka kwa ajili ya sala, Kamis alikuwa na sinia mapajani, anachambua mchele vibaya mno, na mawe anayaacha. Jioni ile tulitafuna kwa uangalifu.

Rukiah alirudi kwake kesho yake asubuhi, kwa miguu yake, akibeba mkoba wake mwenyewe. Hakuna aliyemrudisha.

Mwalimu Oyat alikuja pia, kuniomba nisimtoe mtoto katika somo. Alinipigia magoti kama watu wa kwao wanavyowaheshimu wazee, na kidogo nimkemee kwa kuchafua suruali. Nilimwambia Hasifa hatoki. Nikamwambia vilevile kwamba sentensi yangu lazima itoke. Alishangaa, akasema ndiyo bora katika mchezo mzima. Nikamjibu kwamba najua ni bora. Nikachukua kalamu, nikaikata kwa mstari mmoja, na mahali pake sikuandika kitu.

Walionyesha mchezo juzi Jumamosi, siku ya wazazi. Ukumbi ulijaa, jua likipiga mabati, watoto wachanga wakilia. Tulikaa mstari mmoja: mimi, Rukiah, Kamis, na Mama Asuman, ambaye hakualikwa. Marlène akachambua mchele. Heritier akaingia, akasimama mbele yake, akafungua kinywa. Hakusema lolote. Alisimama hivyo, na kifua kinapanda na kushuka, mpaka ukumbi wote ukatulia na hata wale wachanga wakanyamaza. Kisha akachuchumaa, akaanza kuchambua mchele pamoja naye. Taa zikazimwa.

Mama Asuman akaniegemea sikioni. "Sasa huyu amemwacha au hakumwacha?" Nikamwambia atazame upande wake wa kulia. Kamis alikuwa amelala, maana alikuwa ametoka safari, na kichwa chake kilikuwa begani kwa Rukiah, mbele ya wazazi wa shule nzima. Katika siku za kawaida ningekohoa ili aamke. Nilikuwa nimechoka mno kukohoa.

Basi ndivyo ilivyo, dada yangu. Hakuna talaka, hakuna eda, na hakuna wa kuchukuliwa. Wale wazee wawili waachie tikiti zao wazirudishe. Waambie Mzee Marjan anawashukuru na anawaomba wapumzike. Tikiti yako wewe usiirudishe. Kitanda cha chumba cha nyuma kilitandikwa kwa ajili ya Rukiah, na tangu aondoke sijapata nguvu ya kukitandua. Jioni nyumba hii ina kimya ambacho si cha mchezo. Njoo ukae mpaka shule zifunguliwe. Hasifa atakutazama ukitembea, na usikasirike atakachokuonyesha.

Nisalimie mabinti zako wote, na yule mkwe wako anayeuza vioo, na mzee Bisimwa wa dukani aliyeniuliza habari zangu mara ya mwisho. Rukiah anakubusu mikono. Kamis anakusalimu, alisema neno moja, nalo ni "Shangazi", na kwa Kamis hilo ni hotuba. Mwenyezi Mungu akuhifadhi njiani, ayalainishe magoti yetu sote wawili, na asituondoe duniani na la kuulizana likiwa bado vifuani mwetu.

Kaka yako akupendaye hata anapokukemea,

Marjan

Chumvi usibebe. Iko hapa, na nitaificha.